Paka Anahara, Nikamsingizia Mama Kulwa

Leo asubuhi, bombani, nilimwambia jirani yangu Mama Kulwa mbele ya watu kwamba amemlisha paka wangu sumu.

Paka alikuwa anahara siku ya tatu. Mama Kulwa huweka sumu ya panya ghalani. Nikaona ushahidi umetosha.

Mtu mzima yule. Hata shikamoo sikumpa.

Saa nne nikampeleka paka kwa daktari wa mifugo.

"Umempa dawa yoyote?"

"Vidonge vyangu vya jino vilivyobaki. Ana kidonda sikioni."

Akaniangalia.

"Mwandishi, hizo ni antibayotiki za binadamu. Zimeua hata vijidudu vizuri vya tumboni, ndiyo maana anahara. Acha kumpa, na maji yasikosekane. Kesho mrudishe nimwone."

Miaka ishirini nauliza watu maswali. Hilo moja sikujiuliza.

Nikaenda kwa Mama Kulwa, nikapitia mlango wa nyuma.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Matusi unipe bombani, radhi uniletee jikoni?"



Kesho saa moja nitakuwa bombani. Wa hapa Bugarama mlionisikia leo, naomba mje wote. Wengine nichekeni hapa hapa mtandaoni.