Nikodemo na Mwenye Duka la Dawa

Nikodemo alikuwa fundi seremala mjini Njombe, na watu walimjua kwa mambo mawili: milango aliyotengeneza haikukwama hata wakati wa masika, na alikuwa amemwoa Tabea. La pili ndilo alilojivunia zaidi, ingawa hakulisema kwa mdomo.

Tabea alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akiwa bado chuoni, umri wake miaka ishirini, alikonda ghafla, akawa anakunywa maji mtungi mzima kwa siku, na asubuhi moja akaanguka darasani. Hospitali wakasema ni kisukari, kile cha vijana, ambapo mwili hautengenezi insulini kabisa na mtu hana budi kuchoma sindano kila siku ya maisha yake. Mchumba aliyekuwa naye akaacha kuja. Nikodemo alipopeleka posa, mwaka 1988, shangazi zake walimwuliza kama wanawake wazima wamekwisha Ubena. Akawajibu, "Mimi naoa mtu, sioi afya." Maneno hayo yakazunguka usharika mzima, na kina mama wakawa wanampa mkono kanisani kwa heshima ya pekee.

Basi akazoea kuwa mlinzi. Kila alfajiri alichemsha bomba la kioo na sindano yake kwenye sufuria ndogo isiyopikiwa kitu kingine. Alimkataza Tabea kubeba ndoo, kulima na kupanda mlima wa kwenda kwao. Walipojaliwa mtoto, Mika, akamkataza hata kumbeba mgongoni. Tabea hakubisha. Kwa miaka mitano aliishi kama yai lililofungwa kwenye pamba.

Mwaka 1993 insulini ikaanza kuadimika hospitalini. Mwalimu mwenzake Tabea akawaambia kuna duka la dawa jipya Makambako, karibu na stendi ya mabasi, na mwenyewe ana friji la mafuta ya taa. Miaka hiyo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka yalikuwa yanachipuka Makambako kama uyoga: vipuri, mitumba, redio, na sasa dawa. Wakapanda basi wote wawili wakaenda.

Mwenye duka aliitwa Abdulatif, mtu wa Kondoa, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Alikuwa mganga msaidizi serikalini kabla hajaacha kazi na kufungua biashara. Alitoa dawa, akaandika risiti, kisha badala ya kuwaaga akamtazama Tabea.

"Mwalimu, unafanya mazoezi?"

Nikodemo akajibu yeye. "Haruhusiwi."

"Nani kamkataza? Daktari?"

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja dawa ya kikohozi akageuka kutazama.

"Mimi," akasema Nikodemo.

Abdulatif hakumcheka. Alisema tu kwamba mwili unaofanya kazi hutumia dawa vizuri zaidi, ilimradi mtu ajue kupima na kula. Tabea akasema taratibu, kana kwamba anaungama, kwamba alipokuwa sekondari alikimbia mita elfu moja na mia tano hadi michezo ya mkoa. Nikodemo alikuwa halijui hilo. Miaka mitano ya ndoa, na mtu wa Kondoa alilipata kwa dakika kumi.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia.

Tabea akaanza kukimbia. Kwanza hadi shuleni, halafu hadi kwenye msitu wa miwati na kurudi, halafu mbali zaidi, amevaa raba za mitumba na sweta lake la darasani. Abdulatif alimpa daftari. Kila siku alichemsha matone ya mkojo katika dawa ya buluu na kuandika rangi iliyotokea: buluu ikibaki buluu, sukari haijazidi, ikienda kijani, njano, hadi nyekundu kama tofali, imezidi. Akaandika pia yuniti alizochoma, alichokula na umbali aliokimbia. Kila baada ya wiki mbili alikwenda Makambako na daftari lake, akarudi uso umechangamka.

"Abdulatif anasema nipunguze yuniti nne siku za mbio ndefu."

"Haya."

"Abdulatif anasema ndizi mbivu ni nzuri kuliko biskuti."

"Haya."

Jioni moja Nikodemo alihesabu. Jina hilo lilitajwa mara kumi na moja kabla ugali haujaisha.

Siku moja Tabea alipokuwa shuleni, akalifungua lile daftari. Alitafuta barua, au ua lililokaushwa, au hata neno moja la kumpa sababu. Akakuta rangi na namba, na pembeni, kwa wino mwekundu, mwandiko wa Abdulatif: "Vizuri sana." "Hapa ulikula nini?" "Usiogope." Hiyo ya mwisho ilimchoma kuliko barua yoyote ya mapenzi. Yeye alikuwa amemwambia mkewe "ogopa" kwa miaka yote. Akalirudisha daftari mahali pake, akaenda karakanani akakwangua ubao kwa randa mpaka ukawa hauna kazi.

Mwaka 1995 wafanyabiashara wa Makambako walichangia mashindano ya mbio ndefu, kilometa arobaini na mbili kamili, kuanzia njiani baada ya kutoka Makambako hadi uwanja wa Njombe. Tabea akajiandikisha. Nikodemo aliposema hapana, alimjibu bila kupandisha sauti:

"Baba Mika, sikuomba ruhusa. Nimekupa habari."

Mpango aliupanga na Abdulatif. Abdulatif angesimama na gari lake la mizigo kwenye kilometa ya ishirini na nane, ana soda na glukosi. "Hapo lazima ninywe, nitake nisitake," Tabea alimweleza mumewe. "Sukari ikishuka mtu hubadilika, Baba Mika. Anaweza hata—"

"Najua," Nikodemo akamkatiza. "Nimekutunza miaka saba, nisijue?"

Alhamisi kabla ya mbio, Nikodemo alikuwa anapeleka fremu za madirisha Makambako. Tabea akamwomba apitie dukani kuthibitisha saa. Alipita. Abdulatif alikuwa nyuma ya meza, na mkewe Shamimu anapanga chupa.

"Kamwene, fundi!" Abdulatif aliita, alishajifunza salamu ya Kibena. "Mwalimu yuko tayari?"

Nikodemo hakuwa amepanga kusema uongo. Aliutoa kama mtu anavyokohoa. "Ameahirisha. Goti linamsumbua. Msihangaike kuja."

Uso wa Abdulatif ukaanguka. "Masikini. Mpe pole sana." Na huzuni yake hiyo ya kweli ikamzidishia Nikodemo hasira.

Nyumbani akasema Abdulatif amepata msiba, hatakuja. Yeye mwenyewe atamfuata kwa baiskeli, amebeba kila kitu. Tabea alimtazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Asante." Usiku huo Nikodemo alilala vizuri.

Jumamosi kulikuwa na baridi kali, ukungu umelala barabarani. Wakimbiaji walikuwa themanini hivi, wanawake saba. Tabea alianza polepole kama alivyofundishwa. Nikodemo alipiga pedali kando yake, soda zikigongana kikapuni, na kwa kilometa ishirini alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu harusi. Alimpa maji, akamenya ndizi. Watu wa kando ya barabara waliwapigia makofi wote wawili.

Kwenye ya ishirini na nane Tabea aliangalia pembeni, mahali ambapo gari lingekuwepo.

"Chukua soda," Nikodemo akasema.

"Sitaki."

Hakumlazimisha. Alidhani hamu imemwisha. Kilometa mbili mbele akamnyooshea soda tena. Tabea akausukuma mkono wake, soda ikamwagika.

"Abdulatif yuko wapi?"

"Nilikwambia ana msiba."

"Abdulatif yuko wapi? Kwa nini uko hapa wewe?" Sauti yake ilikuwa kali, ya mtu mwingine, na wakimbiaji wawili waligeuka. "Toka! Sikutaki wewe!"

Miaka saba alikuwa hajawahi kumsikia akisema hivyo. Jasho lilikuwa likimtoka Tabea shingoni katika baridi ile, midomo imempauka, lakini Nikodemo hakuyaona hayo. Alichosikia ni kile ambacho wivu ulikuwa umemnong'oneza kwa miaka miwili, sasa kikisemwa waziwazi barabarani. Akakanyaga pedali akaenda zake, kikapu na kila kilichomo.

Alisimama juu ya kilima, machozi yanamtoka, akajiambia ni upepo. Wakimbiaji wakampita mmoja mmoja. Mwanamke wa tano, wa sita. Halafu akaja, akipandisha kilima kwa miguu, mzee mmoja wa Matembwe, mpasua mbao, aliyekuwa akinunua milango kwake. Aliitwa Odilo.

"Fundi! Unafanya nini hapa? Mwalimu amekaa mtaroni kule chini, kwenye ya thelathini na moja. Anavua viatu. Anaita majina ya wanafunzi."

Baiskeli iliteremka kile kilima bila breki. Tabea alikuwa mtaroni kweli, kiatu kimoja mkononi, akiwaita watoto wa darasa la tatu ambao hawakuwepo. Alimtazama mumewe asimjue. Ndipo maneno ya mkewe aliyoyakatiza siku ile yakakamilika yenyewe kichwani mwake: mtu hubadilika, anaweza hata kumfukuza anayemsaidia.

Akampakata, akamtia glukosi mdomoni kwa vidole, Tabea akamng'ata hadi damu. Hakuutoa mkono. Akampa soda kidogo kidogo, nyingine ikamwagikia shingoni. Ilipita kama robo saa. Kisha macho yake yakarudi, kama mtu anayeingia nyumbani.

"Nimeanguka?"

"Ulikaa tu."

Alikula ndizi mbili, akavaa kiatu. Halafu akauliza, sasa kwa sauti yake ya siku zote: "Ulimwambia nini Abdulatif?"

Nikodemo akamweleza yote.

Tabea alifunga kamba za viatu, akachukua mfuko wa glukosi na soda moja kutoka kikapuni, akaanza kutembea kuelekea Njombe. Baadaye akakimbia kidogo, akatembea tena. Nikodemo alimfuata hatua hamsini nyuma, akisukuma baiskeli, kilometa kumi na moja zote. Walipofika uwanjani kamba ya mwisho ilikuwa imeshafunguliwa, na viti vinapakiwa kwenye trekta. Karani mmoja alimwandika: wa mwisho, kwa muda wa saa sita na dakika arobaini.

Siku tisa Tabea hakuzungumza naye ila kuhusu Mika na chumvi. Siku ya kumi Nikodemo akapanda basi peke yake kwenda Makambako.

Abdulatif alimsikiliza akiwa amesimama. "Ungemuua," akasema. "Unaelewa? Ningekuwa najua, ningekuja hata kwa miguu. Nenda nje, fundi. Nenda nje kwanza nisije nikakutukana dukani kwangu."

Nikodemo akakaa kwenye ngazi. Baada ya muda Shamimu akatoka na kikombe cha chai, akakiweka karibu naye.

"Hata mimi nilikuwa na wivu," akasema. "Kila wiki mbili mwalimu anakuja, daftari hilo, vicheko hivyo. Nikajificha nyuma ya pazia mwezi mzima nisikilize." Akashusha pumzi. "Mkojo, shemeji. Walikuwa wanazungumza mkojo tu."

Nikodemo alitaka kucheka, akashindwa. Akarudi ndani. "Nifundishe," akamwambia Abdulatif. "Yote. Kama ulivyomfundisha yeye."

Abdulatif akatoa daftari jipya, akalitupa mezani badala ya kumpa mkononi. Ilichukua miezi mingi kabla hajamwita fundi tena kwa uchangamfu.

Mwaka uliofuata Tabea alikimbia tena. Kwenye kilometa ya ishirini na nane wanaume wawili walikuwa wamesimama kando ya gari la mizigo, hawazungumzi sana. Alipofika akasema hataki soda. Nikodemo akamshika bega. "Hukuulizwa. Kunywa." Akanywa yote. Alimaliza kwa saa tano na dakika nane, wa nne kati ya wanawake tisa.

Uwanjani, kabla hata hajakaa, alimwita Abdulatif amweleze jinsi miguu ilivyokuwa baada ya thelathini na tano, wakainamia daftari wote wawili wakicheka. Nikodemo alikuwa hatua chache nyuma, ameshika sweta lake. Ule mwiba ulimchoma palepale pa zamani, vilevile. Alisubiri kidogo, kisha akaenda akamvisha sweta mkewe, kwa kuwa jasho lilianza kumpoa na upepo ulikuwa wa baridi.