Manjano ya Mtoto

Katika miaka ya tisini nilikuwa yaya wa familia ya Wahindi wenye duka la vitambaa mjini Kisii. Niliishi nao, katika chumba kidogo nyuma ya duka. Kabla ya hapo nilikuwa nimelea wadogo zangu tu, nyumbani Nyamache.

Mama wa nyumba hiyo alipojifungua, nyanya wa mtoto alimkanda kila asubuhi kwa mafuta yaliyochanganywa na manjano, yale ya kutilia mchuzi. Mimi nilimwogesha baadaye.

Asubuhi moja maji ya beseni yalitoka safi, lakini mtoto alibaki wa manjano. Nikampaka sabuni tena, nikamsuuza. Wapi! Nikajiuliza kama nimesugua vibaya, au kama watoto wa Kihindi ndivyo walivyo. Nikawaza hata jicho baya, maana kwetu mtoto mweupe ndiye huogopewa zaidi kupatwa nalo. Nikamwita nyanya.

"Wewe iko na wasiwasi bure," akasema. "Hii manjano ya mafuta. Kesho natoka."

"Na macho, nyanya? Macho hatukuyapaka."

Akamfunua ukope taratibu. Hata weupe wa jicho ulikuwa wa manjano. Mama wa mtoto akaja kutoka chumbani, akasema tangu jana hanyonyi, analala tu, naye alidhani ni utulivu.

Hospitalini muuguzi alimbonyeza mtoto pua kwa kidole, akaangalia ngozi. "Mtoto ana manjano," akasema.

"Ndiyo, tulimpaka," mimi na nyanya tukajibu kwa pamoja.

"Si ya kupaka, mama. Haya yako kwenye damu."

Wakamlaza uchi chini ya taa ya bluu, macho yamefunikwa kitambaa. Tukakaa kwenye benchi, mimi na nyanya, tukitazama kupitia kioo.

"Taa ya bluu natoa manjano namna gani?" akaninong'oneza, kana kwamba mimi ningejua.



Baada ya siku chache mtoto alirudi nyumbani, macho meupe, akinyonya kwa pupa mpaka mama yake akalalamika kuumia. Daktari alikuwa ametueleza kwamba manjano ya jikoni hayakumletea ugonjwa, yalituzuia tu kuuona. Nyanya hakuamini hata kidogo. Mimi niliamini nusu. Tangu hapo alimkanda kwa mafuta matupu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.