Wanamwita Mwanangu Muujiza

Mwanangu hana virusi! Damu yake imetoka safi kama maji ya mvua! Samahani Mhariri, hata kusalimu nimesahau. Hamjambo nyote mnaosoma ukurasa huu. Jina langu lifiche, tafadhali.

Nina miaka thelathini na mbili, nauza mitumba soko la Rangwe, shule niliachia darasa la saba. Mume wangu anabadilisha pesa kule Isebania, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Na kijana wangu, wacha nijisifu, ni mzuri mpaka wateja wananunua nguo huku wakimwangalia yeye.

Alipokuwa na miezi tisa aliugua sana, akapimwa damu hospitalini. Mtu wa maabara akaniambia, "Mama, imeonyesha ugonjwa, lakini usiishike bado. Akipita mwaka na nusu, umrudishe." Hiyo "lakini" sikuisikia. Nilikimbia kanisani na karatasi mkononi, nikasimama mbele nikilia waniombee mtoto. Walipouliza ameupata wapi, nikasema ni sindano chafu. Kwani mwanamke anayejiheshimu kama mimi angesema nini?

Juzi nilimrudisha. Yule mtu akanionyesha kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo vidogo. Penye ugonjwa hugeuka njano. Kishimo cha mwanangu kilibaki kama maji. Nikapiga vigelegele mle mle ndani!

"Pole pole, mama," akasema. "Kipimo hiki hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili hutoa kupigana navyo. Wale wa kwanza hawakuwa wake. Alipewa na mama yake akiwa tumboni. Sasa wamekwisha."

"Mama yake si ni mimi?"

"Ni wewe."

Akanipima, akarudia tena. Mara zote mbili kishimo changu kilikuwa njano kama kiini cha yai.

Nyumbani nilitoa karatasi ya mtoto peke yake. Mama mkwe akaruka: "Nyar Migori, binti wa watu, Nyasaye Mungu wetu ametenda! Si nilikwambia maombi yatamponya?" Pasta naye ametangaza muujiza, ati nisimame nishuhudie kwenye ibada ya shukrani.

Sasa kuna msichana jirani, karatasi ya mtoto wake ni kama ile yetu ya kwanza. Ameniambia, "Dada, mimi hospitali sirudi tena. Nitamleta aombewe kama wako." Huenda mtoto huyo ni mzima na mwenye ugonjwa ni mama yake, kama mimi. Atajuaje asiporudi?

Nikisema ukweli, mume atanifukuza, ingawa yeye mwenyewe hajapimwa. Na bibi aliyeanza kumbeba mjukuu wake tena atamweka chini. Mimi nikifa, nani atamlea?

Jamani, nishaurini. Wakinipa kipaza sauti niseme nini? Ng'ombe wa shukrani amefungwa nje, namsikia akilia nikiandika. Wakwe wa Lambwe wamealikwa, mume ameahidi kufika, na yule msichana amesema atakaa mstari wa mbele na mtoto wake. Wote wanakuja Jumapili ya mwisho ya Novemba.