Tangu Konsoli Ifunguke

Tangu mke wangu afariki, nyumba yetu ya Kismayo nimebaki nayo mwenyewe. Binti yangu yuko Mombasa, anaandika programu. Ili nisikae bure, alinipa kazi ya kumtunzia kompyuta pepe alizokodi kwenye wingu. Huko alikuwa akijaribu programu ya kuwajulisha wavuvi wa kisiwa cha Kudha kama mjini kuna barafu ya kuhifadhia samaki kabla hawajafunga safari. Zamani nilikuwa mtu wa redio bandarini, nikajiona naweza.

Kosa langu lilikuwa moja. Kila nilipokaza ulinzi wa mtandao, niliuziba na mlango niliokuwa nikiingilia mwenyewe. Hapo nilikuwa nikimpigia simu.

"Umejifungia nje tena?"

"Nimejifungia."

"Hakuna mchu kama wewe, Baba!" alinitania kwa lahaja ya kwetu. "Wezi wakija watakukuta umekaa barazani, mwenye nyumba."

Tulikuwa tukicheka, ananirudisha ndani, kisha hakati simu. Ananisimulia ya watoto na ya jirani yake mgomvi.

Siku moja nikachoka kuchekwa. Nikaamua kuweka konsoli ya siriali, njia inayokufikisha kwenye mashine hata mtandao wake ukiwa umekufa. Niliiruhusu kwenye akaunti, nikauelekeza mfumo utumie laini hiyo tangu unapowaka, nikawasha na huduma ya kuingilia. Skrini ikabaki nyeusi. Nikabonyeza Enter, ikaniuliza jina, kisha neno la siri. Sikuwa nalo, maana siku zote niliingia kwa ufunguo. Nikarudi kwa njia ya mtandao, nikaliweka. Halafu nikaukata mtandao kwa makusudi. Konsoli ikanipokea.

Nilimpigia nikiwa nimevimba kichwa.

"Usijisumbue na mimi tena. Naweza peke yangu."

"Mashallah, Baba. Umenipunguzia kazi."

Akanichukulia kwa neno langu. Simlaumu, ana ajira, ana watoto. Mimi ndiye niliyemwambia asijisumbue. Siku hizi mashine ikikatika naingia, natengeneza, natoka, na hakuna anayejua.

Juzi baada ya alasiri nilimpigia.

"Nini kimeharibika?"

"Hakuna."

Nilitaka kutunga hitilafu, nikaona haya.

"Nilitaka kukusikia tu, mwanangu. Nilikosea kukwambia vile."

"Vipi?"

"Kwamba usijisumbue."

Nikasikia watu wakizungumza nyuma yake. "Niko kikaoni, Baba. Nikitoka nitakupigia."

Maghrib nilisali simu ikiwa kando ya mswala.