Nguzo ya Mama Kamba

Jina la dobi huyo lilishapotea mtaani. Kila mtu alimwita Mama Kamba, kwa zile kamba za nguo zilizokatiza uwanja wake huku na huku. Mumewe alipofariki, alilea wanawe kwa sabuni na viganja vyake, wala hakumpigia mtu magoti.

Balaa lilianza jeshi lilipoleta ile ndege kwenye kambi yake jirani na mtaa. Tumbo nene, rangi ya majivu, haina namba wala taa. Ilipeleka makomando kwenye kazi zisizosemwa, na kila alfajiri ilirudi chini chini, nusura ikwangue mabati. Ikipita, mashuka ya wateja yanatua matopeni; yaliyobaki kambani yananuka mafuta ya taa. Wateja wakaanza kumkimbia.

Akaenda getini kambini.

"Mama, hapa hakuna ndege," askari akamjibu, macho kayatupa mawinguni.

"Hakuna kabisa?"

"Haijawahi kupita."

"Ahsante, mwanangu. Nilitaka kusikia hilo tu."

Akamwendea wifi yake, fundi wa kuchomelea vyuma. "Wifi, nitengenezee nguzo. Ndefu."

"Ya kuanikia nini, kanzu za malaika?"

"Wewe choma, utacheka baadaye."

Nguzo ikasimama, ikalipita tangi la maji la shule. Mchana huohuo meja akafika, jasho linamtiririka.

"Mama, nguzo hii ing'olewe."

"Imekukosea nini, baba?"

"Inazuia."

"Inazuia nini?"

Meja akakohoa. Majirani walishajaa ukutani. "Inazuia... anga."

"Getini kwenu nimeambiwa hakuna kinachopita."

"Utapata matatizo, mama."

"Ninayo tayari, yananing'inia pale kambani. Kitaje hicho kinachozuiwa, afande, watu wasikie, ndipo tuongee kipite wapi. La sivyo, nguzo hailali." Akaketi chini, mgongo kaubandika kwenye chuma.

Meja akawatazama majirani, akatazama juu, akatazama viatu vyake. Akaingia garini bila kuaga.

Kesho yake mashuka yalikauka yakinukia sabuni. Muungurumo ulisikika mbali, kule kwenye machimbo ya mchanga. Haikupita wiki, wanajeshi wawili wakaja na ngazi, wakafunga taa nyekundu kwenye ncha ya nguzo.

Mama Kamba akatokea, beseni kiunoni. "Jamani, taa hiyo mnamwashia nani, na ndege hakuna?"

Aliyekuwa juu akacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Popo, mama."

"Basi mwambieni popo wenu," akasema, akibana shuka kambani, "akirudi huku, wifi yangu bado ana vyuma."