Mke Aliyemjibia Mumewe

Mtaani walimwita Mama Cherehani, na si kwa sababu ya kushona tu. Mdomo wake nao ulikuwa haukati uzi. Mumewe, fundi rangi, alikuwa mtu wa maneno machache tangu zamani, lakini alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuumia ubongo, hata hayo machache yakapotea. Anakuona, anakuelewa, ila akitaka kusema, neno halitoki.

Hospitalini wakampa binti mmoja wa kumfundisha kusema upya. Binti anainua kijiko, anamwanzishia "ki...", kisha anasubiri. Anasubiri mpaka wewe unayetazama unataka kupiga kelele. Mzee wa watu jasho linamtoka, halafu anamalizia: "...jiko."

Mama Cherehani hakuliweza hilo. Ukiinuliwa mkasi, yeye keshasema mkasi. Binti akamwomba kwa adabu akae nje. Nje! Mke wa ndoa! Akakaa kwenye benchi, mlango umerudishwa nusu, roho inamuuma vibaya, maana ndani mumewe alikuwa anacheka. Siku nyingine akamsikia akisema, "Asante, dada," maneno mawili mazima, wakati yeye nyumbani hajapata hata moja. Nyumbani bubu, hospitali kasuku! Akaanza kumchunguza yule binti, kucha, viatu, hadi anavyofunga nywele. Akaona kweli ni mzuri, na hilo likazidi kumchoma.

Mwisho uvumilivu ukamshinda. Akamsimamisha mlangoni, akamuuliza ana dawa gani.

"Sina dawa, mama," binti akamjibu. "Mimi namsubiri tu. Wewe unamjibia, na ubongo usiopewa kazi haujifunzi."

Mama Cherehani alinuna njia nzima ya kurudi nyumbani. Ushauri wa mtu unayemwonea wivu haumezeki kirahisi. Hata hivyo kesho yake, mume alipofungua mdomo mezani, na yeye alipotaka kumtajia chumvi, maji, kitambaa, vyote kwa mkupuo, akauma ulimi. Mume akahangaika, mishipa ikamsimama shingoni. Chai ikapoa.

"U... una..."

Mke akashika meza kwa mikono miwili.

"Una wi... wivu."

Machozi yakamtoka mke kabla ya neno.

"Ninao," akasema, kisha akafunga mdomo, akasubiri lingine.