Jino la Mama na Picha ya Mjane

Mama yangu si mjane. Baba yupo, anakata majani ya ng'ombe kila asubuhi, na akikohoa getini mbwa wote wa jirani wanamjibu. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wengi, wengine katika nchi ambazo sitafika kamwe, wanaoamini kwamba baba alikufa zamani na kumwacha mama akilia kwenye mfereji mkavu. Wameiona picha. Mimi nilikuwepo ilipopigwa, na sehemu ya uongo wake ilipita mdomoni mwangu.

Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya utalii Moshi mjini na ninaishi Shirimatunda. Bosi wangu alinipa mgeni mmoja, mpiga picha wa magazeti, aliyetaka kuona jinsi watu wa mlimani wanavyoishi na upungufu wa maji. Nilimpeleka kwetu Masama. Nilikuwa napajua, na nilitaka kumaliza mapema.

Alikuwa mtu wa adabu. Nilimfundisha kusema shikamoo tukiwa njiani, na alimwamkia kila mzee tuliyepishana naye, hata kijana mmoja mwenye ndevu ambaye alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Nilimpenda. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kusimulia habari hii kama angekuwa mtu mbaya.

Siku hiyo mfongo wetu, ule mfereji wa asili unaoshusha maji kutoka juu hadi mashambani, haukuwa na maji. Ulikuwa umefungwa kule juu tangu wiki iliyotangulia, kwa sababu kijiji kilikuwa kwenye msaragambo: watu walitoka na majembe kuzoa tope na kuziba mahali palipobomoka. Nilimwambia mgeni hivyo. Aliandika kwenye kijitabu chake.

Tukiwa pale kwenye mfongo, mama na baba walitokea wakitembea taratibu. Walikuwa wanarudi kutoka zahanati, ambako mama aling'olewa jino la nyuma. Ganzi ilikuwa imeanza kuisha. Alikuwa amejifunga kitenge kuzunguka shavu, kiganja amekibandika juu yake, macho yamejaa machozi. Baba alibeba mkoba wa mama na mwavuli. Ili wasipande ukingo wenye mwinuko, walikuwa wanapita ndani ya mfongo wenyewe, juu ya tope lililoanza kupasuka.

Mgeni alisimama ghafla.

"Ni mama yangu," nikamwambia.

"Mwombe asimame hapo hapo," akasema. "Dakika moja tu." Kisha akamwonyesha baba kwa mkono, kwa heshima kabisa, asogee pembeni. Baba akasogea. Akaenda kukaa kwenye jiwe na mkoba wa mama magotini, akasubiri.

Mgeni alipiga picha nyingi. Mwishoni akaniambia, "Muulize anajisikiaje kuuona mfereji hauna maji."

Nilimtazama mama. Nilijua anataka kufika nyumbani alale. Swali lilikuwa refu, nikalifupisha. "Mama, anauliza unajisikiaje."

"Mwambie linauma," mama akasema kwa shida. "Linauma hadi sikioni."

Nikamgeukia mgeni na kumwambia kwa Kiingereza kwamba inauma, inauma sana.

Kwa Kiswahili hakuna mtu ambaye angekosea. Linauma ni jino. Maji yangeuma kwa namna nyingine, na mfongo kwa nyingine. Kwa Kiingereza kila kitu kilikuwa kile kile, na mimi niliyejua tofauti sikuiweka. Sikudhamiria kudanganya. Nilikuwa nimechoka, na niliona ni jambo dogo.

Miezi kadhaa baadaye mwenzangu ofisini alinigeuzia simu yake. "Huyu si mama yako?"

Ilikuwa picha nzuri, lazima niseme. Mama yuko katikati, tope lililopasuka miguuni, migomba nyuma yake kama watu waliokuja kumpa pole. Ilikuwa imeshinda tuzo kubwa. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza: mjane akiuomboleza mfereji wa mababu zake uliokauka huku theluji ya Kilimanjaro ikitoweka. Kisha maneno yake mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu: Inauma. Inauma sana.

Kwenye kona ya kushoto, ukitazama kwa makini, kulikuwa na ncha nyeusi ya mwavuli. Baba mwenyewe alikuwa amekatwa.

Nilijiambia Masama hakuna atakayeiona. Huo ulikuwa ujinga, maana kila nyumba ina mtu mwenye simu.

Aliyeiona kwanza katika ukoo wetu alikuwa shangazi, dada mdogo wa baba aliyeolewa Rombo. Muumini mwenzake alimtafsiria maneno yale baada ya ibada. Shangazi akampigia baba simu, ikawa imezimwa kama kawaida yake. Kesho yake alipanda gari kutoka Mkuu, huko Rombo, bila kumwambia mtu. Nilikuwa nyumbani Masama siku hiyo. Tulisikia kilio kuanzia barabarani, kisha akaingia uani amejifunga khanga kiunoni, akiita, "Kaka yangu! Kaka yangu mmemzika bila mimi!"

Baba akatoka bandani na ndoo ya maziwa.

Shangazi alikaa chini pale pale kwenye udongo. Baba aliweka ndoo chini, akamshika mabega, akawa anarudia, "Nipo, mdogo wangu, nipo." Baadaye watu walipoisimulia walicheka, hata shangazi alicheka. Baba hakucheka. Jioni hiyo aliniuliza swali moja tu: "Niliwakosea nini wale mpaka waniue?"

Haikuishia hapo. Kamati ya mfereji ilimwita mama kwenye kikao. Mwenyekiti alisema picha imeonyesha kana kwamba mfongo wao umekufa, ilhali wao ndio waliokuwa kule juu, tope likiwafika kiunoni, wakiufufua. Mwanamke mmoja akauliza kama mama amelipwa ili alie. Nilisimama nikasema kosa si la mama. Mama akanivuta nikae, akajieleza mwenyewe.

"Maji yamepungua, nani asiyejua?" akasema. "Nilipoolewa hapa, mfongo huu ulikuwa haukauki. Sasa tunakunywa kwa zamu na kugombana. Kama alitaka kuona watu wakililia maji, angekuja mwezi wa pili. Angetupiga picha sisi wote hapa tukitukanana, na ingekuwa kweli. Siku ile mimi nililia jino."

Kikao kikacheka, yakaisha. Kwangu hayakuisha.

Nilimwandikia mpiga picha. Akajibu kwa upole kwamba maneno yale yaliandikwa na mhariri. Nikamwandikia mhariri. Mhariri akajibu kwamba alitegemea kijitabu cha mpiga picha, ambamo kulikuwa na neno "peke yake". Nikaandika tena, nikaulizwa kama nina ushahidi kwamba baba yu hai. Nilimpiga baba picha akiwa ameshika mwavuli ule ule, nikaituma. Wiki tatu kimya.

Hatimaye mpiga picha akanipigia. Nilimweleza kila kitu: jino, msaragambo, baba kwenye jiwe. Alinisikiliza. Kisha akasema, "Lakini wewe ndiye uliyeniambia inauma sana. Nilikuuliza kuhusu mfereji."

Niliangalia kalenda ya ofisini mpaka akaita jina langu.

"Na maji si kweli yanapungua?" akaongeza. "Picha inasema ukweli mkubwa zaidi."

"Ukweli huo ulikuwepo bila kumuua baba yangu," nikamwambia. Alisema atashughulikia.

Walichofanya ni kuondoa neno mjane kwenye tovuti yao na kuweka mwanamke. Kuomboleza kulibaki. Kwingine kote neno mjane lilibaki vile vile. Siku moja nilipeleka barua kwenye ofisi fulani hapa mjini na kumkuta mama ukutani, mkubwa kuliko mlango, mjane bado. Nilimwomba dada wa mapokezi aishushe picha.

"Imeletwa na makao makuu, dada," akasema. "Mimi siruhusiwi."

"Huyo ni mama yangu."

Akaitazama picha, akanitazama. "Pole kwa msiba," akasema.

Nilipanda Masama Jumamosi iliyofuata na kumwambia mama lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu: jinsi nilivyofupisha swali, na jinsi nilivyotafsiri jibu. Alikuwa anamenya ndizi za supu ya mtori. Hakuacha.

"Ulijua ni jino."

"Nilijua, mama."

"Mimi siwezi kuongea na yule mtu. Baba yako hawezi. Ulikuwa wewe tu." Akamenya ndizi mbili zaidi. "Leta karatasi. Nitasema, na wewe utaandika kama ninavyosema."

Alisema kuhusu jino, upande gani na lilimsumbua kwa muda gani. Alisema jina la baba na kwamba yeye ndiye aliyembebea mkoba. Alisema akina nani walikuwa juu wakizoa tope siku hiyo, mmoja mmoja. Alisema maji yalivyokuwa zamani na yalivyo sasa. Ilijaza kurasa mbili. Niliitafsiri yote, nikamsomea tena kwa Kiswahili kutoka kwenye Kiingereza, naye akanisahihisha mara nne.

Niliituma kwa mpiga picha, na jibu lilikuja haraka safari hii. Mpiga picha alisema barua imemgusa, na anaomba kuitundika kando ya picha kwenye maonyesho. Nafasi ilikuwa ya mistari mitatu. Angechagua mistari mizuri.

Nilimsomea mama. Alifikiri kidogo tu.

"Mwambie aweke yote au asiweke kitu."

Nikaandika hivyo, bila kupunguza neno. Maonyesho yalifunguliwa mwezi uliofuata. Mtu aliyekuwepo alinitumia video: ukuta mweupe, mama katikati yake, watu wamesimama kimya mbele yake na glasi mkononi. Pembeni hapakuwa na barua.